Kifuniko cha Panzi

Shangazi yangu alikuwa nesi wa wodi ya upasuaji mpaka akastaafu, na hadi leo anatembea kama mtu anayeitwa kitanda cha mwisho. Kukaa hajui. Ukimtembelea atakuvutia kiti, halafu yeye mwenyewe atasimama mbele yako na kitambaa begani, akikuuliza habari za nyumbani huku akifuta kitu. Mara nyingi anachofuta ni taa ya gari, kwa sababu banda la gari limeungana na jiko lake na mlango wa katikati haufungwi kamwe.

Gari lenyewe ni la michezo, la zamani, milango miwili, viti viwili, kijani kibichi. Boneti yake ni ndefu na limekaa chini mno, hata mtu mnene akishaingia huomba msaada wa kutoka. Mtaani kila mtu huliita gari hilo Panzi. Shangazi alimnunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anahama, siku zile mume wake alipokuwa akimwambia kwamba mwanamke mwenye akili zake hununua friji. Mume akaondoka. Friji ilinunuliwa baadaye. Panzi bado yupo.

Kulitunza gari la umri ule si mapenzi tu, ni kazi. Kila Jumamosi shangazi alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya banda, akapanga spana na bisibisi kwa ukubwa, kama vifaa vya upasuaji. Alisugua platini, vile vyuma vidogo vya kukatiza umeme wa cheche, kwa msasa laini. Alipima oili, akachovya kidole na kuinusa. Halafu aliwasha injini, akachukua kile kipimo chake cha kusikilizia vifua, akakitia masikioni na kukiweka juu ya injini, sehemu hii na ile, macho ameyafumba. "Valvu ya tatu ina mafua," angesema, na kweli ukifungua ungeikuta imelegea. Kazi nzito tu ndizo alizozipeleka nje: gia boksi, klachi, breki. Na hizo alizipeleka kwa Injinia.

Sasa nimfikie huyo Injinia, na naomba nisiambiwe nipunguze makali, maana sitapunguza.

Uinjinia alijipa mwenyewe, akauchora kwa rangi nyekundu juu ya lango la gereji yake mwisho wa barabara yetu. Ufundi anao, siwezi kumnyima. Mdomo anao zaidi. Yeye pia alikuwa na gari kama la shangazi, aina ile ile, ila lake jeupe. Kwa vile lilikuwa linaoshwa asubuhi na jioni na haliendi popote, watu walilibatiza Bwana Harusi. Nje lilimeremeta. Ndani injini ilikuwa imechoka, inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Injini nzima ya aina ile hapa mjini ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chini ya boneti ya Panzi.

"Mama Nesi," alizoea kumwambia, "huyu Panzi tumpumzishe. Niuzie."

"Nikifa, kaka yangu, mwulize maiti."

Wakacheka wote wawili. Ndivyo walivyokuwa kwa miaka: yeye anaomba, shangazi anakataa, wanacheka. Mimi nami nilicheka. Kumbe mmoja wao hakuwa anacheka.

Mwaka ule klachi ilianza kuteleza, Panzi akapelekwa gereji. Akalala huko siku kadhaa, akarudi ameoshwa mpaka chini ya matumbo. Klachi safi. Shangazi alimsifu Injinia kila duka alilopita. Wiki iliyofuata, kwenye barabara ya kutoka mjini, Panzi akakohoa, akavuta miguu, akazima. Akazima kabisa, kama mtu amefunga bomba.

Tangu hapo ukawa ndio mtindo. Asubuhi anawaka kwa mguso mmoja. Mjini, kwenye vituo vya hapa na pale, hana neno. Mpeleke barabara ndefu, baada ya mwendo wa kama robo saa, koho, koho, kimya. Anaitwa Injinia. Injinia anakuja na pikipiki yake bila haraka, anashuka, anazunguka nyuma, anafungua tangi na kuchungulia. "Mafuta yapo." Anafunga. Anakwenda mbele, anainua boneti, anakaza skrubu ya kabureta, anailegeza, anapuliza mpira mmoja kwa mdomo, anatema. "Haya, piga stata." Panzi anawaka. Wapita njia wanapiga makofi. Injinia anapangusa mikono taratibu, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Imezeeka hii, Mama Nesi. Niuzie, nikuondolee mzigo."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sijapata kazi, kwa hiyo nilihamia kwenye lile banda. Tulibadilisha plagi. Tulibadilisha koili na kondensa. Tulifungua kabureta yote, tukaiosha kwenye beseni la chuma na kuipanga juu ya kitambaa cheupe, kipande kimoja kimoja. Nilisema tatizo ni joto, mafuta yanachemka kwenye bomba, nikalifunga bomba lote kwa kitambaa cha rangi ya fedha cha kuzuia joto, kama mguu uliovunjika. Panzi akazima mahali pale pale.

"Si homa hii," shangazi alisema. "Homa hupanda na kushuka inavyotaka. Hii ina ratiba. Na umeona jambo? Nikimjaza tangi pomoni, anazima mapema zaidi. Akiwa na nusu tangi, anakwenda mbali kidogo. Mgonjwa gani huyu anayezidiwa kwa kushiba?"

 Ningekuwa na jibu, yale ya relini yasingetokea.

Kutoka kwetu kwenda kwa dada, binti yake shangazi, kuna njia inayokatiza reli. Shangazi alikuwa peke yake siku hiyo, tangi limejaa. Panzi alikohoa kabla ya reli, akazima juu ya reli. Shangazi alipiga stata, hakuna. Akapiga tena. Kengele ya kivuko ikaanza kulia. Mwuza matunda na kijana mmoja wa karakana ya baiskeli waliacha kazi zao, wakakimbia, wakamsukuma Panzi na shangazi akiwa ndani bado, ameng'ang'ania usukani, anakataa kushuka. Treni ilipopita, upepo wake ulimng'oa kilemba.

Dada alikuja jioni ile ile, bado amevaa sare ya benki, hata salamu hakutoa.

"Mama, tumemaliza. Auzwe."

"Mwanangu, ni hitilafu ndogo tu."

"Hitilafu ndogo itanifanya nikuzike? Sikiliza, mama. Akizima mara moja tena, mara moja tu, Injinia anamchukua. Nimeshaongea naye. Ametoa neno lake."

"Umeongea naye?"

"Mwenyewe alinipigia. Alisema amesikia ya relini, roho imemuuma."

Shangazi alikubali. Alikaa chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akakubali. Mara moja tena tu.

Siku chache akamwacha Panzi bandani. Halafu asubuhi moja akaja kunigongea dirisha.

"Inuka. Tunakwenda kumzimisha."

"Shangazi! Na ahadi je?"

"Ahadi ni akizima mwenyewe. Leo namzimisha mimi, kwa utafiti. Vaa viatu."

Tukachukua barabara ya machimbo, ambako hapiti mtu. Baada ya mwendo ule ule, koho, koho, kimya. Shangazi akamwacha Panzi ajikokote mpaka pembeni. Nikashika mpini wa mlango, akanishika mkono.

"Tulia. Tufikiri. Injinia akija, anafanya nini kwanza?"

"Anachokonoa kabureta."

"Kwanza, nimesema."

Nikafumba macho, nikamwona anashuka kwenye pikipiki, anazunguka nyuma. "Anafungua tangi."

"Kwa nini afungue tangi, na geji ya mafuta iko hapa mbele ya macho yangu, na kila siku namwambia mafuta yapo?"

Alishuka. Nikamfuata. Akakishika kifuniko cha tangi, akakizungusha, na Panzi akavuta pumzi. Sina namna nyingine ya kulisema. Ilitoka sauti ndefu ya kunyonya, fuuuu, hewa ikiingia ndani ya tangi kama mtu aliyeibuka majini. Shangazi alisimama na kifuniko mkononi.

"Zamani," alisema polepole, "dripu zilikuwa chupa za kioo. Unamtundikia mgonjwa chupa, unachoma bomba lako. Lakini lazima uchome na sindano ya pili, ya hewa. Usipoichoma, maji yanashuka kidogo, yanashuka kidogo, halafu yanagoma. Chupa imejaa na hakitoki hata kitone. Nesi mgeni atapekua mshipa, atabadilisha bomba, atamtoboa mgonjwa mkono mzima. Kumbe chupa inataka kupumua tu." Akanigeukia. "Piga stata."

Panzi akawaka.

Kifuniko kile kina kitundu chake cha kuingiza hewa upande wa ndani, chembamba, hata sindano hupenya kwa shida. Tulipokigeuza hatukukiona. Nikasema labda ni uchafu. Shangazi akatoa pini kwenye kilemba, akakwaruza. Chini ya uchafu pakang'aa fedha. Lehemu. Mtu alikuwa ameziba kitundu kwa lehemu, akaipiga tupa mpaka ikawa sawa na bati, halafu akapaka grisi na vumbi ionekane ya siku nyingi. Kazi nzuri. Kazi ya mtu mwenye subira.

Kifuniko hicho hakikuwahi kushikwa na fundi mwingine.

Nilipandwa na hasira. Nilisema twende polisi sasa hivi. Nilisema nitabandika matangazo kwenye kila nguzo ya umeme mpaka mlangoni kwake. Nilisema mengi kuhusu haki, na watu wanaoharibu kwa siri ili walipwe kwa kutengeneza hadharani, na kwamba nchi nzima imejaa vifuniko vya namna hii. Yote nayaamini mpaka leo. Shangazi aliniacha nimalize.

"Polisi watamwita," akasema. "Atakuja na ule mdomo wake. Atasema, jamani, kitundu kimeziba, gari bovu, mama mzee. Watacheka. Mimi sitaki acheke."

"Unataka nini sasa?"

"Nataka azime." Alikifunga kifuniko ndani ya kitambaa, kwa uangalifu kabisa, akakitia kwenye mkoba. "Azime mbele za watu. Ateremke, afungue boneti, watu wamkodolee macho, na ajue ni nini, na asiweze kusema. Hilo ndilo nalotaka. Mengine ya nchi nzima utayashughulikia wewe, mwanangu."

Tukarudi nyumbani na kitambaa kimechomekwa kwenye mdomo wa tangi. Panzi hakukohoa hata mara moja.

Kila mwaka wenye magari ya zamani mjini kwetu hukusanyika uwanja wa mpira, watu wanakuja kuyatazama, halafu yanapanda kwa msafara mpaka juu kwenye kilima cha tangi la maji. Barabara hufungwa, halipiti gari lingine. Shangazi aliuliza hilo mara mbili kwa askari, na nilipomwuliza kwa nini, akasema, "Mimi ni nesi. Siui mtu." Kila mwaka anayeongoza msafara ni Injinia na Bwana Harusi wake. Moshi hausemwi sana, kwa sababu wengine wote wako nyuma na ni wapole.

Asubuhi ile Injinia alikuwa na kipaza sauti, amevaa kofia nyeupe kufanana na gari. Tangi lake alilijaza pale pale uwanjani, kwa madoido, akieleza kwamba gari la heshima haliendi na nusu tangi. Nilimwangalia shangazi. Hakunitazama. Alichukua ndoo na kitambaa, akapita katikati ya watu mpaka mbele yake.

"Injinia, kaka yangu. Niruhusu nimpanguse Bwana Harusi. Naona ana vumbi nyuma."

Injinia akaangua kicheko ndani ya kipaza sauti. "Mmesikia? Mama Nesi anaomba kumpangusa Bwana Harusi! Mpanguse, mama, mpanguse! Mtu huanza kumzoea mume mpya mapema, kwa sababu huyo Panzi hamalizi mwezi huu!"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi nilishika ndoo kwa mikono miwili, maana mkono mmoja ulikuwa unataka kazi nyingine.

Shangazi alimpangusa Bwana Harusi polepole, kama anavyoosha mgonjwa. Taa za nyuma, bampa, ubavu. Alipofika kwenye kifuniko cha tangi alikifunika kwa kitambaa, akakisugua na kukizungusha, akakisugua tena, kitambaa kikazama ndooni na kutoka. Watu wote walikuwa wanamtazama. Hakuna aliyeona. Hata mimi sikuona, mpaka aliporudi kwa Panzi na kufunga kwenye tangi letu kifuniko kinachong'aa chenye kitundu kizima.

Dada alikuja pia. Aliketi kiti cha pembeni cha Panzi, mikono imekunjwa, amekuja kushuhudia mwisho. Mimi nilipanda nyuma ya pikipiki ya mwuza matunda yule wa relini, ambaye hakujua lolote ila alikuwa anampenda shangazi tangu siku ile.

Msafara ukaondoka. Tukapita soko, tukapita shule, tukaanza kupanda. Bwana Harusi mbele, mkono wa Injinia dirishani unapungia watoto. Nilikuwa nahesabu nguzo za umeme. Kwenye kona ya kwanza, hakuna. Kwenye kona ya pili, pale watu walipojaa pande zote mbili na kinyozi ametoa viti vya wateja barabarani, Bwana Harusi akakohoa.

Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile, naapa.

Akakohoa tena, akatikisika, akazima. Msafara ukasimama nyuma yake. Injinia alipiga stata, akapiga. Akashuka anatabasamu, akainua boneti, akakaza skrubu, akailegeza, akapuliza mpira, akatema. Akapiga stata. Kimya.

"Injinia, vipi tena?" kinyozi akapiga kelele. "Bwana harusi kaona mahari, kazimia?"

Wakati huo Panzi akatoka kwenye foleni, akapanda pembeni yake akinguruma, akampita, akasimama mbele hatua chache. Shangazi akashuka na kitambaa begani, akateremka kwa miguu, mwendo wake ule wa kitanda cha mwisho.

"Imekuwaje, kaka yangu?"

"Kawaida tu, mama. Hewa kidogo."

"Hewa," alisema shangazi. "Ndiyo. Inaweza kuwa hewa."

Nadhani mkono wa Injinia ulijua kabla ya kichwa chake. Uliacha boneti, yeye akazunguka nyuma kama alivyozunguka kwetu mara zote zile, akashika kifuniko, akakizungusha. Fuuuu. Hata watu wa viti vya kinyozi walisikia. Injinia aligeuza kifuniko. Alitazama ndani, akaiona lehemu yake mwenyewe, na pale alipopiga tupa, na mkwaruzo wa pini.

Hakukirudisha mahali pake.

"Kifuniko kina nini?" kinyozi akauliza. "Mbona unakitazama kama umeona jini? Sema tujue!"

Watu walisogea. Injinia alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakikuwa na kitu ndani. Angesema nini? Kwamba kuna mtu kamtilia kifuniko kilichozibwa? Nani kakiziba? Kilikuwa cha nani? Alimtazama shangazi. Shangazi alimtazama vile vile alivyokuwa akitazama kipimajoto cha mgonjwa, bila chuki usoni, na hiyo ndiyo iliyoogofya.

"Uchafu tu," Injinia akasema.

"Imezeeka hii," shangazi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Niuzie, nikuondolee mzigo."

Watu walivunjika mbavu. Kinyozi alipiga kiti chake kofi. Shangazi akainama kidogo, kama anamrekebishia Injinia kola, na nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Treni ilikuwa inakuja," alimwambia. "Nilikuwa naisikia."

Akarudi kwa Panzi, akapanda, wakapaa mpaka juu kwenye tangi la maji bila koho hata moja. Bwana Harusi alifika mwisho kabisa, kitambaa kimechomekwa kwenye tangi, nyuma hata ya trekta kuukuu la manispaa lililokuwa likifunga msafara.

Dada ndiye aliyeuliza baadaye, wakati wanateremka; mwenyewe alinisimulia. "Mama, huyu Panzi hatimaye aliponywa na nini?"

"Kifuniko," shangazi alijibu, akabadilisha gia. Neno la kuuza halikutajwa tena.

Nilitamani gereji ifungwe. Haikufungwa. Injinia bado anaitwa Injinia, lango bado jekundu, na msafara wa mwaka jana alisema anaumwa. Aliwahi kumtuma mtu kuomba wabadilishane vifuniko. Shangazi akamjibu kwamba chake kilikuwa kizima kabla hakijalala ugenini. Na kila Ijumaa, akienda sokoni, hupunguza mwendo mbele ya lile lango na kupiga honi moja ndefu, mpaka kichwa kitokee chini ya gari.

Watu wengine wameniambia yatosha, mwanamume ameshaaibika, asamehewe. Mimi sijamsamehe. Jumamosi iliyopita nilimwuliza shangazi kama yeye amemsamehe. Alikuwa ameinama juu ya injini, kipimo kiko masikioni.

"Sikusikii, mwanangu," alisema. "Nasikiliza valvu."